Faragha ya Mama Dorkasi

Bahi,
9 Februari 2025

Mdogo wangu Elieth,

Huku hatujambo, mpunga umeshika, Kefa yuko majarubani anafukuza ndege. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kila nikikupigia simu unaweka spika, mama anasikiliza, na wewe unanijibu kwa sauti yako ya ofisini. Leo nataka kusema na wewe peke yako. Gideoni, konda wa Coaster, atakupa barua hii pamoja na mchele na kambale wakavu. Usimpe jibu la mdomo. Andika.

Elieth, jana nilikuja Dodoma kumwona mama yangu. Nimetoka hapa kuku bado wako juu ya banda. Nafika kwako, mlango wa chumba cha mama umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Akatokea yule mpangaji wako wa chumba cha uani, Joha, muuguzi wa Kondoa, kitambaa kimelowa mkononi. Alifungua mlango kiasi cha kupitisha pua, akaniambia, "Dada, subiri kidogo sebuleni, mama yuko faragha." Kisha akaufunga tena.

Mimi huyo, kifungua mimba wa Dorkasi. Nimekaa kwenye kochi lako na ndoo ya mchele miguuni kama mtu aliyekuja kuomba kazi za ndani, na huko chumbani nasikia wanacheka. Mama aliondoka hapa Bahi kabla ya Krismasi hataki kula wala kusemeshwa. Kwa Joha anacheka.

Na hilo neno nalijua, usidhani kwa kuwa nalima mpunga silijui. Tulifundishwa kwenye mafundisho ya ndoa, na Mchungaji Nathanaeli alipolitaja aliangalia dari. Faragha ni ya mume na mke. Tulipokuwa watoto baba na mama wakiingia ndani mchana, bibi alitutuma maji hata kama mtungi umejaa. Sasa tangu lini mwanamke akawa na faragha na mpangaji, na mtoto wake wa kumzaa akawekwa nje?

Mliniambia amekwenda kutolewa mtoto wa jicho. Jicho halifungiwi mlango. Niambie mama anaumwa nini, na niambie kwa nini Joha anajua na mimi sijui. Tangu baba afariki mimi ndiye niliyekaa naye, wewe uko chuoni, kisha uko kazini, kisha uko semina. Nimempikia mlenda, nimemsuka, nimemsindikiza kwenye kila msiba. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Naona wivu, Elieth. Nimeliandika neno lenyewe ili usihangaike kulitafuta. Naona wivu mpaka ugali haushuki.

Dada yako,
Paulina


Dodoma,
13 Februari 2025

Dada Paulina, shikamoo.

Mzigo umefika salama. Mama amekula kambale wawili, kisha akasema kile anachosema kila kitu kikitoka kwako, kwamba Dodoma nzima hakuna anayejua kukausha samaki. Asante.

Pole kwa ya Jumamosi. Mimi nilikuwa kazini. Na hata ningekuwepo, ningekaa na wewe hapo hapo kwenye kochi, maana Joha akiingia na beseni lake na mimi natolewa. Hilo nimelizoea, ingawa ni nyumba yangu.

Sitakudanganya, dada. Mama ana matibabu mengine mbali na macho. Ameniomba nisikuambie, nami nimemwahidi. Anahudumiwa vizuri. Joha ana mkono mwepesi na hana papara.

Kuhusu neno, unanichekesha, maana mwaka huu neno hilo ndilo linalonilisha. Pale ofisini Mtumba tunafasiri vijitabu vya kuwaeleza wananchi habari za taarifa zao binafsi, na kila ukurasa ni faragha, faragha. Tumebishana wiki nzima. Mmoja alitaka tuandike "siri". Mkuu wetu wa kitengo, Castory, akakataa, akasema siri ni kitu unachoficha, faragha ni nafasi ya kukaa bila kutazamwa, hata kama huna cha kuficha. Yeye anasema kwa wazee wa zamani lilikuwa na maana ya wasaa tu: nikipata faragha nitakuja kukuona. Baadaye likaingia chumbani kwa mume na mke kama ulivyofundishwa. Sasa limetoka chumbani, limekuwa haki ya mtu mmoja mmoja. Hata simu yako ukiweka kitu kipya inakuletea Sera ya Faragha, na wewe unabonyeza nakubali bila kusoma. Kwa hiyo mama anayo yake. Si lazima awe na mume.

Na usidhani wivu ni wako peke yako. Mama analala kwangu lakini akiamka anauliza mvua imenyesha Bahi, Pau amepalilia, Pau kikohozi kimeisha. Nimempikia wali wa nazi kwa mikono yangu, akauliza kama Pau bado anapika ule wa mafuta ya ng'ombe. Mimi ni nyumba tu ya kufikia.

Mdogo wako,
Elieth


Bahi,
2 Machi 2025

Elieth,

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Umeandika mengi juu ya neno na umeandika mstari mmoja juu ya mama. Ni elimu hiyo, sikatai.

Hilo neno lako limeshika huku kuliko mpunga. Kosa ni langu, nilimsimulia Mama Yotham kwa hasira, na Mama Yotham humjui, ukimwambia kitu asubuhi jioni kinarudi kwako kimevaa viatu. Sasa Kefa akienda kunywa anasema anakwenda faragha. Watoto wa shule wakijificha na simu nyuma ya choo, faragha. Mwenye kilabu ameliandika kwa chaki juu ya mlango wa chumba chake cha nyuma. Walipokuja watu wa kuhesabu mifugo, mzee Matonya akakataa kufungua zizi, eti ng'ombe wake wana faragha. Watu wanacheka na mimi nacheka nao, lakini nikirudi ndani naona ule mlango wako.

Sasa nisikilize. Gideoni amemwona mama nje ya hospitali. Amekaa kwenye benchi, amejifunika kanga ya Joha, anatetemeka, na Joha amemshika begani. Gideoni akasalimia, mama hakumtambua mpaka alipojitaja. Elieth, wewe ulikuwa wapi? Na kwa nini kanga ya Joha? Mama ana kanga sita nilizompa mimi.

Nimesikia pia kwamba Joha humsomea mama Zaburi jioni kwa sababu ya macho. Mwislamu wa Kondoa anamsomea mama yangu Zaburi, na mimi mzee wa kikundi cha maombi nasikia habari hizo kwa konda. Sisemi ni dhambi. Nasema inauma. Huyo Joha ana nini nisichokuwa nacho? Mimi nina mikono. Mimi najua kuosha mtu. Nilimwosha bibi mpaka anakata roho, wewe ukiwa darasa la pili.

Nimempigia lipu chumba cha kusini, nimeweka kitanda. Usiponiambia ukweli nitakuja na Kefa na Mchungaji tumchukue mama, tuone hiyo sera yako itasimama wapi. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo mlivyonifanya. Mimi sitakubali niwe sipo wakati nipo.

Paulina


Dodoma,
6 Machi 2025

Dada Paulina, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na hasira, na afadhali ujue kwamba hasira hiyo ni juu ya Joha, na kwa kiasi fulani juu ya mama.

Jana tulikwenda hospitali watatu. Mimi nimeomba ruhusa kazini, nimebeba mfuko wa vipimo, nimepanga foleni. Tulipoitwa, daktari akauliza nani ndugu wa karibu aingie na mgonjwa. Mama akanyoosha mkono akamtafuta Joha kwa kupapasa, akasema, "Huyu." Nikabaki kwenye korido na mfuko wangu. Daktari alifikiri mimi ni dereva.

Nimemtunza, nimemhamishia kitanda changu, nimetunza siri yake mpaka kwako wewe dada yangu wa damu, na malipo ni hayo. Kwa hiyo sioni kwa nini niendelee kufunga mdomo kwa ajili ya watu wawili wanaonifungia mlango.

Mama ana saratani ya titi, la kushoto. Alikuwa nayo huko Bahi muda mrefu, akawa anaifunga kitambaa chini ya blauzi. Macho yalikuwa kisingizio cha kuja huku, ingawa nayo ni mabaya kweli. Alipofika hakuniambia mimi, alimwambia Joha. Siku ile uliyokuja Joha alikuwa anamsafisha kidonda walipokata kinyama cha kupima. Majibu yametoka. Mwisho wa mwezi huu watalikata lote, na daktari ana matumaini.

Nilimuuliza mama kwa nini Pau asijue. Akasema, "Pau ananipenda kwa sauti." Sikumwelewa vizuri, nakuandikia kama alivyosema.

Sasa umejua. Usimwambie mtu yeyote, nakuomba, hata shemeji Kefa. Mama asijue kwamba nimekuambia.

Elieth


Bahi,
12 Machi 2025

Mdogo wangu mpenzi Elieth,

Mungu akubariki. Nimelia siku nzima, mboga imeungua, Kefa akauliza kuna nini nikamwambia ni moshi. Nimekaa nakumbuka jinsi alivyokuwa akigeukia ukutani akibadilisha nguo, na mimi nilidhani ni uzee. Nimelala naye nyumba moja na sikuona.

Lakini nikuambie ukweli wangu wote: katikati ya kilio moyo umetulia. Sasa na mimi najua. Nikimfikiria Joha na beseni lake, sioni tena ule moto. Tuko ndani wote.

Sikumwambia mtu, kama ulivyoagiza. Hata Kefa. Nimelipeleka mahali pamoja tu panapostahili. Leo Jumatano kwenye maombi, ilipofika zamu ya mahitaji, nimepiga magoti mbele nimemwambia Bwana kila kitu, titi la kushoto, kitambaa, mwisho wa mwezi, yote. Akina mama wamelia na mimi, hakuna aliyebaki amekaa. Sijawahi kuona maombi mazito namna ile. Wamepanga mfungo wa siku tatu. Ungekuwepo ungejua kwamba mama atapona.

Mfunike vizuri usiku. Kanga zake ziko kwenye begi la bluu, upande wa chini.

Dada yako akupendaye,
Paulina


Dodoma,
16 Machi 2025

Paulina,

Shikamoo nitakuamkia siku nyingine.

Juzi jioni simu ya mama iliita. Mimi nilikuwa jikoni, akaipokea mwenyewe kwa kupapasa, na kwa kuwa haoni akabonyeza spika. Alikuwa Mama Yotham wako. Hakusalimia hata, alianza kuomba moja kwa moja. "Bwana, tunaliweka titi la mtumishi wako Dorkasi mikononi mwako." Nilikimbia na mwiko mkononi. Sikuwahi. Mama alisikiliza mpaka amina. Akasema asante, akakata. Baadaye akapiga mke wa mchungaji. Akapiga mwingine wa kwaya ambaye mama hamjui hata jina.

Unaniandikia hukumwambia mtu, ulimwambia Mungu. Na wale waliokuwa wamepiga magoti nyuma yako walikuwa nani, dada? Mungu angesikia ukiwa jikoni.

Mama hakulia wala hakufoka. Amesema jambo moja tu: "Titi langu limefika Bahi kabla yangu." Kisha akageukia ukutani.

Kosa la kwanza ni langu. Nimevunja ahadi kwa wivu, niseme tu, nilitaka na mimi niwe na mtu wa upande wangu. Wewe umemalizia. Mama amemwomba Joha amkaribishe kwake, chumba cha uani, na mama amehama jana na begi lake. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mama yangu analala kwa mpangaji wangu. Jioni nawasikia kupitia ukutani wakisoma Zaburi. Nikigonga wananyamaza, mama ananijibu vizuri kabisa, kama mtu anayemjibu mwenye nyumba.

Amesema upasuaji atafanya. Lakini Bahi hatarudi. Amesema kile chumba cha kusini ukifugie kuku.

Usije, usilete mtu, usipige simu. Mama akitoka hospitali nitakutumia meseji.

Elieth


Bahi,
6 Aprili 2025

Dada Joha, habari za kazi.

Mimi ni Paulina, mtoto wa kwanza wa Dorkasi. Barua hii ni ya mama, lakini mama hawezi kuisoma, na Elieth simtaki aisome. Nimezunguka na kalamu wiki nzima natafuta njia isiyopita kwako. Haipo. Basi nakuomba umsomee mama wakati Elieth yuko kazini, mkiwa wawili, na usome taratibu kwa sababu mwandiko wangu si mzuri leo.

Kabla hujaanza, nikuambie nilikuchukia. Hukunikosea kitu. Nilikuwa naamka na wewe na kulala na wewe, nakuhesabia kanga na beseni. Ukitaka unaweza kuacha kusoma hapa. Ukiendelea nitakuwa nimeweka mwili wangu mikononi mwako, kama mama alivyofanya, na sikujui vizuri.

Sasa msomee.

Mama, shikamoo.

Elieth alinitumia meseji kwamba umetoka salama na hutaki wageni. Nimeshukuru, sikupiga simu. Nisamehe kwa maombi yale. Niliona nakubeba kwa Mungu, kumbe nilikuwa nakutembeza uchi katikati ya akina mama. Sitaeleza zaidi, kila nikieleza naona natafuta kushinda.

Kuna jambo lingine. Ile wiki baada ya maombi nilikuwa naoga, nikahisi kitu kwenye titi la kulia, kwa chini, karibu na kwapa. Kigumu kama mbegu ya ubuyu. Hakiumi. Nilidhani ni woga tu kwa sababu ya habari zako, nikakiacha. Bado kipo. Nimekigusa leo asubuhi, nimekigusa tena sasa hivi kabla ya kuandika mstari huu.

Hajui mtu. Jumatano iliyopita ilipofika zamu ya mahitaji, Mama Yotham akaniangalia, kikundi kizima kikanisubiri, kwa sababu mimi siku zote nina hitaji. Niliwaona wote, mama, wale wale ninaowapenda, na nikajua nikilisema tu, nikitoka pale sitakuwa Paulina tena, nitakuwa titi. Watanitazama hapa kifuani sokoni, kisimani, kwenye majaruba. Nikasema waniombee mvua. Na mvua ilikuwa inanyesha.

Ndipo nikaelewa kwa nini ulikuwa unageukia ukutani, na kwa nini ulimtafuta mtu ambaye hakuwahi kukujua ukiwa mzima. Nilidhani umempa Joha mapenzi yangu. Kumbe nilimwonea wivu kwa mzigo.

Kefa nimejaribu kumwambia. Juzi nimekaa kitandani, nimevuta pumzi, nimesema Baba Yasinta, akasema naam, nikamuuliza kama amefunga mbuzi. Jana tena hivyo hivyo. Huko hospitali siwezi kwenda peke yangu, na Elieth nikimwambia kwa hasira aliyonayo sijui atampa nani.

Wewe ulikaa nacho muda mrefu, kisha siku moja ukamwambia mgeni. Nifundishe. Ulianza kwa maneno gani?

Mwanao,
Paulina


Dodoma,
9 Aprili 2025

Paulina mwanangu,

Joha amenisomea, nami nimesikia yote. Tulikuwa wawili.

Hakuna maneno, mwanangu. Hata mimi niliyatafuta sikuyapata. Sikumwambia Joha kitu. Nilimshika mkono nikauweka pale penyewe.

Njoo kesho kutwa, usingoje mpunga, mpunga hautakwenda popote. Njoo nikuwekee mkono wangu kwanza, kisha Joha atakupeleka kwa daktari. Asubuhi ile ile, amekwishaomba zamu yake ibadilishwe.

Elieth nimemwambia unaniletea mchele. Ukitaka ajue, utamwambia mwenyewe.

Mama yako,
Dorkasi
(kwa mkono wa Joha)